Mzani wa Shangazi Subilaga

Mvua ya Tukuyu haijui kwamba leo ni siku ya mwisho.
Inagonga bati kama karani mwenye mhuri mpya,
nami nimekaa na daftari, kikokotoo cha Ipyana,
na stakabadhi za chai zinazonuka moshi wa jikoni.

Shangazi Subilaga alipofariki,
kabla mashada hayajanyauka pale Mwakaleli,
alizaliwa mtu mwingine, wa karatasi:
Amana ya Subilaga Mwambeta.
Hana meno, hana ukoo, hajawahi kupigwa na baridi ya Juni,
lakini ana namba ya mlipakodi, ana sanduku la posta,
ana deni kila mwaka,
na mimi ndiye mlezi wake.

Yule mama wa ofisi ya mapato, mwenye sweta ya zambarau,
hakunicheka nilipomwambia sielewi.
Akauliza: Ukichuma chai unaipima wapi?
Kituoni, nikasema, pale njia panda.
Ikishapimwa, anayekunywa kikombe Mbeya mjini huipima tena?
Hapimi.
Basi. Amana ni kituo. Mapato yakifika yanapimwa pale,
serikali inachukua fungu lake palepale,
na kinachobaki, ukiwagawia wanufaika,
kimeshapita mzanini.
Halafu akaongeza, taratibu, akikunja kidole:
Ila amana ingekuwa ya ng'ambo,
pesa ikavuka Kasumulu kuja huku,
hapo mzani unamfuata mnywaji.
Niliandika mpaka wino ukatokea upande wa pili.

Jumapili nikaueleza ukoo.
Baba mdogo Gwakisa hakuafiki.
"Daftari linasema laki nne,
mkononi naona mbili na themanini.
Hiyo laki na ishirini imeliwa na kupe gani?"
Nikampa stakabadhi. Akaigeuza, akaitazama nyuma,
kana kwamba kupe angekuwa upande ule.

Ipyana, wa darasa la tano, akadakia:
"Kwa hiyo na mimi nimelipa kodi?"
Imelipwa na amana.
"Kwa hiyo sijalipa."
Hukulipa.
"Lakini zimepungua."
Watu wazima wote tukatazama ndizi zikipoa.

Sasa niseme lile ambalo fomu haina safu yake.
Hati ya shamba ina jina langu: Tumpale Mwambeta, mdhamini.
Majirani wananiita tajiri wa chai.
Lakini katika orodha ya wanufaika nimetafuta juu, nimetafuta chini,
nimetafuta hata ukingoni, alikozoea kuandika bei ya mbolea.
Simo.
Yumo Gwakisa, yumo Ipyana, wamo mapacha wa Lugano,
yumo hata yule mtoto wa Chunya ambaye hatujui sura yake.
Mimi, niliyemwogesha miezi saba,
nina jina kwenye hati na mkono mtupu.

Nilikasirika mwaka mzima. Nilijumlisha kwa hasira,
na hesabu za hasira, nawaambieni, hutoka sawasawa.

Usiku huu tu ndipo nimemkumbuka kituoni,
karani ameegemeza kidole kwenye mzani,
naye amekiona.
Hakupiga kelele. Alisema, "Ndaga, mwanangu. Sasa toa kidole."
Kisha, nikiwa na miaka tisa na kikapu kichwani,
nikamsikia akinong'ona:
"Mpimaji asiwe mwenye kikapu."
Sijui kama aliniambia mimi, au karani, au mvua.

Saa sita kasoro. Mtandao unafunguka, unajifunga, unafunguka.
Nimeandika mapato, nimetoa mbolea, palizi, nauli ya Fuso,
nimezidisha kwa thelathini, nimegawa kwa mia.
Zimepelea shilingi arobaini.

Nazitafuta.